Madai ya bima ya kioo cha gari

Madai ya bima ya kioo cha gari ni maombi ya fidia ambayo mwenye gari huyapeleka kwa kampuni yake ya bima baada ya kioo kupasuka au kuvunjika. Chanzo cha kawaida ni jiwe linalorushwa na tairi la gari jingine. Mahali panapofaa kwa mfano ni Usagara, njiapanda ya Wilaya ya Misungwi kusini mwa jiji la Mwanza (si Usagara ya Kilosa, mkoani Morogoro). Hapo barabara ya Sengerema na Geita huachana na ile ya Shinyanga, na malori ni mengi. Tangu Juni 2025 barabara ya Geita hupita juu ya Daraja la John Pombe Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, badala ya kungoja kivuko.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169) humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima inayofidia watu wengine watakaoumizwa na gari lake. Wananchi huiita "bima ndogo". Bima hiyo hailipi kioo cha gari lenyewe, jambo ambalo wengi hulijua siku kioo kinapovunjika. Anayelipwa ni mwenye "bima kubwa", na mara nyingi mkataba wake huwa na kifungu maalumu cha vioo chenye kikomo cha fedha. Kioo kikigharimu zaidi ya kikomo, tofauti hulipwa na mwenye gari. Katika mikataba mingi madai chini ya kifungu hiki hayaondoi punguzo la ada analopewa asiyedai, lakini ni lazima kusoma mkataba.

Neno "kioo" nalo huleta utata, kwa kuwa Kiswahili hulitumia pia kwa kioo cha kujitazamia. "Kioo cha pembeni" chaweza kuwa cha mlango au kile cha kutazamia nyuma, ambacho wezi hukipenda. Kilichoibiwa kwa kawaida hakihesabiwi kuwa kioo kilichovunjika, bali wizi wa kifaa. Fomu ya madai itaje kioo gani hasa.

Utaratibu

Kosa linalowanyima wengi fidia ni kumwita fundi kwanza. Kioo cha zamani kikishatupwa, mthamini hana cha kukagua. Inafaa kupiga picha za ufa, namba ya gari na mahali, kisha kuarifu kampuni au wakala mapema. Baadaye hujazwa fomu ya madai, pamoja na nakala ya leseni ya dereva, kadi ya gari na ankara kifani (wengi husema "profoma") ya muuza vioo. Kampuni ikitaka taarifa ya polisi, hupatikana kituo cha karibu. Kazi huanza baada ya kibali.

Kama jiwe limeanguka kutoka kwenye lori la kokoto lisilofunikwa, namba ya lori hilo iandikwe papo hapo na polisi waarifiwe. Uzembe wa dereva ukithibitishwa, hata mwenye bima ndogo anaweza kumdai mwenye lori. Jiwe lililokuwa barabarani tu likarushwa na tairi ni vigumu kumbebesha mtu.

Kwa nini usichelewe

Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka bila kumwagika. Vya milangoni kwa kawaida huimarishwa kwa joto na huvunjika vipande vidogo. Alama ndogo ya jiwe huweza kuzibwa kwa gundi maalumu, lakini jua kali na mashimo ya barabarani huirefusha ikawa ufa. Katika magari mengi puto la usalama la abiria hujiegemeza kwenye kioo hicho linapofunguka. Kikibandikwa vibaya, hung'oka.

Malalamiko

Kampuni ikikataa kulipa, mteja aombe sababu kwa maandishi. Anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.