Wadau wasio na dau: Kwale na lugha ya sera za afya duniani

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria baraza la kutoa maoni kuhusu mipango ya afya huko Msambweni. Tuligawiwa kurasa chungu nzima za Kiingereza. Kijana aliyepewa kazi ya kutafsiri alijitahidi, maskini, lakini kila alipokutana na neno gumu aliliruka kama anayeruka dimbwi. Alipomaliza, mzee mmoja aliyeketi nyuma akasimama, akauliza: "Mwanangu, mumekuja kutuuliza ama mumekuja kutuambia?" Watu wakacheka. Mwendeshaji wa mkutano akamjibu kwamba lile lilikuwa zoezi la ushirikishwaji wa umma. Mzee akaketi. Sidhani kama alijibiwa.

Tulitazame neno hilo. Mzizi wake ni kitenzi *shiriki*. Ukikitia kiambishi cha usababishi unapata *shirikisha*, na ukikiongezea cha kutendwa unapata *shirikishwa*. Ushiriki ni tendo la anayeshiriki. Ushirikishaji ni tendo la anayemwingiza mwenzake katika jambo. Ushirikishwaji ni hali ya yule anayeingizwa. Kisarufi, basi, mzee wetu alikuwa mtendwa, na mtendaji alikuwa mtu mwingine asiyetajwa kabisa katika sentensi. Wapo watakaosema kwamba huku ni kutafuta chawa penye upara. Mimi naona kwamba historia ya sera za afya katika pwani ya kusini imo ndani ya viambishi hivyo viwili.

Haikuwa hivi siku zote. Mnamo Septemba 1978 wajumbe wa mataifa 134 walikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, wakatoa azimio kuhusu afya ya msingi. Shabaha ikawa afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Azimio hilo lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Muda si mrefu Umoja wa Mataifa ukautangaza mwongo wa 1981 hadi 1990 kuwa wa maji safi na usafi wa mazingira. Maneno matamu, lakini ya mikutanoni. Yalifikaje kijijini?

Kwale yalifika kwa njia ya pampu. Mnamo 1983 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na Benki ya Dunia walianza kujaribu pampu za mkono katika vijiji vya pwani ya kusini. Pampu za kabla ya hapo zilikuwa nzito na zilihitaji fundi, gari na vyuma vya kuvutia mabomba kutoka kisimani. Ikiharibika moja, kijiji kilisubiri serikali, na wanawake walirudi kwenye visima vya wazi na ndoo zao. Aliyewahi kuuguza mtoto wa kuhara anajua gharama ya kusubiri huko.

Kilichotokea hapo ndicho kinachonivutia. Wahandisi walipeleka vifaa, vikatumiwa, vikavunjika, kisha wakaulizwa waliovitumia. Shirika la KWAHO liliwafunza wanawake kuunda kamati, kuchanga pesa za ukarabati na kuzitunza, na kuifungua pampu wenyewe. Swali lilikuwa moja tu: je, mama wa hapa anaweza kuitengeneza bila kumwita mtu? Kutokana na majaribio hayo, na kazi iliyotangulia Malawi, ikapatikana pampu ya Afridev. Hiyo unaifungua kwa spana moja. Vali na pistoni huvutwa kupitia ndani ya bomba, bila ya kuling'oa bomba lenyewe. Sehemu zinazochakaa ni za plastiki, nyepesi na rahisi kubadilishwa. Ramani yake haikuwa mali ya kampuni yoyote, hivyo ikaundwa popote. Leo utaikuta Msumbiji, Ethiopia, Malawi na hata Pakistani. Kanuni kwamba mtambo wa maji wa kijijini sharti uwezekane kutunzwa na wanakijiji wenyewe iliingia katika sera za dunia, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye visima vya Kwale. Sijui namna nyingine ya kulieleza hilo isipokuwa kwa neno *ushiriki*, bila kiambishi cha usababishi wala cha kutendwa.

Nisije nikapaka mafuta, lakini. Kamati nyingine zilisambaratika, vipuri vikaadimika, na pampu zikasimama kimya. Baada ya miaka mingi ilibidi izuke huduma ya kulipia ukarabati, FundiFix, inayofanya kazi Kwale na Kitui. Hata jina lake ni nusu letu, nusu lao.

Kabla mwongo ule haujakwisha, lugha ilikuwa imeshageuka. Mnamo 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, na wazo la mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu likapata nguvu. Kenya ilianza kutoza ada katika vituo vya afya vya serikali Desemba 1989. Sera hiyo ilipewa jina la *kuchangia gharama*. Jamani! Mchango tunaujua. Mchango ni wa harusi, wa matanga, wa karo ya yatima, na anayetoa hutoa kadiri ya uwezo wake. Asiye nacho huja na mikono yake, akateka maji au akapasua kuni. Ukifika dirishani na mtoto mwenye homa, ukaambiwa ulipe kwanza ndipo aonwe, hiyo ni ada. Neno la ujima lilikopwa likavishwa malipo ya lazima, na kwa vile lilikuwa neno zuri, ikawa vigumu kulipinga. Ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa mwaka 2013, mwaka ule ule huduma za afya zilipogatuliwa kwa kaunti. Mjadala wa nani alipe umerejea sasa kwa jina la bima ya jamii.

Kuna jambo jingine ambalo Kwale imeipa dunia, nalo halina sauti ya spana wala ya maji. Ni damu na mkojo. Katika miaka ya 1980 watoto wa shule za eneo la Msambweni walipimwa kichocho, wakatibiwa kwa dawa mbili tofauti ili ijulikane ipi inafaa zaidi na kwa kiasi gani. Tafiti za aina hiyo ziliisaidia dunia kuamua kwamba watoto watibiwe shuleni kwa wingi. Mnamo 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka shabaha ya kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini ifikapo 2010. Majuzi tu, Kwale ilikuwa uwanja wa utafiti wa BOHEMIA: watu walimeza dawa ya ivermectin mara moja kwa mwezi, kwa miezi mitatu, ili mbu wanaowauma wafe. Matokeo yalichapishwa Julai 2025. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki, na maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na ya waliopewa dawa nyingine.

Katika ripoti za namna hii, anayetoa fedha huitwa *mfadhili*. Asili yake ni fadhila, yaani wema ambao hukulazimika kuutenda. Aliyetoa kidole chake kichomwe huitwa mhojiwa, mshiriki, au siku hizi *mdau*. Hili la mwisho nalipenda na linaniudhi papo hapo. Kwa maoni yangu latokana na dau, ile amana anayoiweka mchezaji mezani, ambayo ataipoteza akishindwa. Kwa maana hiyo watu wa Kwale ni wadau halisi, kwa kuwa walichokiweka mezani ni miili yao. Ila wavuvi wa Diani na Gazi wanalijua dau jingine, la baharini, na wahenga walishasema dau la mnyonge haliendi joshi.

Ajabu ni kwamba majina ya magonjwa yalitoka huku kwenda huko. James Christie, tabibu aliyekuwa Zanzibar katika karne ya 19, aliandika kuhusu maradhi ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo, akaamini kwamba ndilo chimbuko la jina *dengue*. Wataalamu wangali wanabishana juu ya asili hiyo, na wengine wanahisi ugonjwa aliouona ulikuwa chikungunya, neno la Kimakonde lililoingia vitabuni baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Kwa vyovyote vile, dunia ilipotaka kuyataja maumivu iliazima lugha zetu. Inapojadili tiba yake, Shirika la Afya Duniani (WHO) lina lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi mwaka 2022, lakini mkataba wa kukabili majanga ya maradhi ulipopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, haukuwa na nakala rasmi ambayo yule mzee wa Msambweni angeweza kuisoma.

Na mwaka huo ulikuwa mzito. Januari Marekani ilitangaza kujitoa katika WHO, na ilipofika Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Tarehe 4 Desemba Kenya ilitia saini mjini Washington makubaliano ya afya ya miaka mitano, Marekani ikiahidi hadi dola bilioni 1.6 na Kenya ikijifunga kuongeza dola milioni 850 zake. Muda si mrefu watu walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasitisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu data za wagonjwa. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba umma haukuhusishwa.

Niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili zoezi la kuandika muhtasari wa mjadala huu kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa barazani bila kuruka neno. *Data* waliiacha ilivyo, wakaeleza kando kwamba ni habari za mgonjwa zilizomo kwenye faili lake, na kwamba zina mwenyewe. Tulikwama kwenye *mfadhili*. Mmoja alipendekeza *mtoa fedha*, mwingine *mshirika*. Binti mmoja kutoka Ukunda akauliza, watu waliotolewa damu Msambweni tutawaandika chini ya kichwa kipi. Jedwali letu lilikuwa na safu mbili tu. Tukaongeza ya tatu, na hadi kengele inalia hatukuwa tumeipa jina.