Sala ya kimya shuleni: Haki ya mwanafunzi na mipaka ya shule

SALA ya kimya ya hiari ni ile anayoisali mwanafunzi moyoni mwake, pasipo kutamka neno la kusikika, pasipo kuongozwa na mwalimu wala kushurutishwa na yeyote.

Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa na Rabai hadi Malindi na Mambrui, suala hili lina uzito wa pekee. Darasa moja la shule ya umma huweza kuwa na watoto wa Kiislamu, Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na wengine ambao jamaa zao zingali zinashikilia mila za Wamijikenda. Wote husimama pamoja kwenye gwaride la asubuhi. Anapochomoza mwalimu na kusema, "Tuombe," ni nani aliye na haki ya kuamua namna mtoto atakavyoomba, au iwapo ataomba kabisa?

Katiba

Kifungu cha 8 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kuwa Kenya haina dini ya taifa. Hata hivyo, dibaji ya Katiba hiyo hiyo yakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, nao wimbo wa taifa umetungwa kwa sura ya dua, mahadhi yake yakitokana na bembelezi la Wapokomo, majirani wa Wakilifi upande wa Mto Tana. Kwa hivyo, Kenya haikuifukuza dini katika maisha ya umma. Ilichokataa ni kuipa dini moja mamlaka juu ya nyingine.

Kifungu cha 32 ndicho kiini cha suala hili. Kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na kukataza mtu yeyote kulazimishwa kutenda jambo linalokiuka imani yake. Kinga hii si ngeni. Kifungu cha 78 cha Katiba iliyotangulia kilizuia mwanafunzi kulazimishwa kupokea mafunzo au kuhudhuria ibada ya dini isiyokuwa yake, ila kwa ridhaa yake mwenyewe au ya mlezi wake.

Urithi wa wamishonari

Elimu ya kimagharibi Pwani ililetwa na dini. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Karne nyingi kabla yao, watoto wa miji ya Waswahili walikuwa wakifunzwa Kurani katika vyuo.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ilipendekeza mfumo wa elimu ya umma usiofungamana na dini yoyote, lakini unaoheshimu imani za watu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliyochukua mahali pake, yamruhusu mfadhili kusimamia ukuzaji wa maadili ya kiroho, lakini kwa sharti kwamba imani za wanafunzi wengine zilindwe.

Mahakama

Mzozo huzuka pale sharti hilo linapopuuzwa. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa mjini Kisumu iliwapa ushindi wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova wa shule moja ya msingi ya umma huko Ahero, walioadhibiwa kwa kukataa kushiriki sala za pamoja. Mwaka 2017, mahakama iyo hiyo ilikuwa imekubali rufaa ya Kanisa la Waadventista Wasabato, lililotaka wanafunzi wake waruhusiwe kuitunza Sabato.

Kuhusu hijabu, mambo hayakunyooka. Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono wanafunzi wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo mwaka 2016, lakini Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Januari 2019 kwa sababu ombi lao halikuwasilishwa kwa utaratibu ufaao.

Je, kimya chatosha?

Wapo wanaoona dakika moja ya kimya kuwa suluhisho, kwani kila mwanafunzi hunena na Mola wake apendavyo, na asiyetaka kuomba hutafakari masomo yake. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sala rasmi za shule za umma mwaka 1962. Mwaka 1985 ikabatilisha sheria ya jimbo la Alabama iliyotenga dakika ya kutafakari au sala ya hiari, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kurejesha dini shuleni. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja mmoja hakunyimwa haki ya kujiombea.

Pwani, kimya hakiwafai wote kwa kipimo kimoja. Mkristo aweza kusali moyoni. Mwislamu naye aweza kuomba dua kimoyomoyo. Lakini swala ina masharti yake: kutawadha, kuelekea kibla, kurukuu na kusujudu. Adhuhuri yaweza kuswaliwa wakati wa mapumziko ya mchana, ilhali swala ya Ijumaa huswaliwa kwa jamaa na yahitaji ruhusa ya shule. Maombi ya kaya nayo, kama zile za Rabai na Fungo zilizomo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, huongozwa na wazee msituni. Dakika ya kimya, basi, humkinga mtoto dhidi ya kushurutishwa, lakini haichukui nafasi ya ibada yake.

Mipaka

Uhuru wa kuabudu haumwondolei mtoto haki ya kusoma, ambayo Kifungu cha 53 chaifanya kuwa ya lazima na ya bure. Mkasa wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ulitokea katika kaunti hii hii, na miongoni mwa mafunzo yaliyohusishwa na kundi hilo ni kuwaachisha watoto shule.

Serikali nayo huweza kuwekea ibada za shule mipaka ya wakati. Mwaka 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za maombi katika muhula wa tatu ili kuzuia wizi wa mitihani. Marufuku hayo yalihusu mikutano, wala si dua ya mtahiniwa akiwa dawatini.

Mzazi anayeona mwanawe analazimishwa kusali kinyume cha imani yake anaweza kumwandikia mwalimu mkuu, kisha Bodi ya Usimamizi ya shule, na baadaye Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiporidhika, Kifungu cha 22 chamruhusu kufika mbele ya Mahakama Kuu, yenye kituo mjini Malindi, kwa niaba ya mtoto wake.