Wageni wa Nchi ya Theluji: Wamisionari wa Mto Mackenzie na Deni Lao



Katika Injili ya Luka, sura ya kumi, Bwana anawatuma wanafunzi wake bila mfuko wala mkoba, akiwaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na wale watakachoandaliwa. Tunapoisoma sura hiyo mara nyingi tunawawaza wasafiri, na kumsahau mwenye nyumba. Juma hili tunapenda kuwapeleka wasomaji wetu katika nchi ambako mmisionari aliyelidharau agizo hilo asingeumaliza hata msimu mmoja wa baridi: kaskazini ya mbali ya Kanada, kandokando ya Mto Mackenzie, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa.

Mto huo hutoka katika ziwa liitwalo Great Slave Lake, ukasafiri zaidi ya kilomita 1,700 hadi Bahari ya Aktiki. Kandokando yake waliishi, na wanaishi hata leo, Wadene wa makabila mbalimbali, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Na kwenye mdomo wa mto waliishi Wainuit, ambao zamani waliitwa Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Wazungu wachache waliokuwapo walikuwa watumishi wa kampuni ya Hudson's Bay, walionunua ngozi za wanyama katika vituo vilivyotengana kwa safari ya siku nyingi.

Waliopeleka Injili ya Kikatoliki huko walikuwa hasa Waoblati wa Maria Imakulata, shirika lililoanzishwa mwaka 1816 kusini mwa Ufaransa na Mtakatifu Eugène de Mazenod, aliyekuja kuwa Askofu wa Marseille. Walifika Kanada mwaka 1841. Miongoni mwao alikuwa Padre Henri Grollier, mzaliwa wa Montpellier, mji wa jua na zabibu. Mwaka 1858 alianzisha misheni ya Mtakatifu Yosefu huko Fort Resolution, na mwaka uliofuata akafika Fort Good Hope, karibu kabisa na Mzingo wa Aktiki, mahali ambapo katikati ya Desemba jua huchungulia kidogo tu na kurudi. Lazima tuseme pia kwamba haraka yake haikutokana na upendo wa roho za watu peke yake. Mwaka ule wa 1858 alikuwa akisafiri njia moja na mchungaji wa Kianglikana, James Hunter, na kila mmoja alitaka kutangulia. Mashindano ya namna hiyo tunayajua hata katika historia ya nchi zetu, wala hayakumjenga mtu.

Maisha yao yalikuwaje? Baridi ilishuka hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Divai ya Misa iliganda chupani. Barua zilifika mara moja au mbili kwa mwaka, hivi kwamba padre aliweza kuomboleza kifo cha mama yake baada ya kumwombea kama mtu aliye hai kwa miezi mingi. Unga ulikuwa haba na wa gharama kubwa. Chakula cha kila siku kilikuwa samaki: wakati wa vuli misheni ilivua kwa maelfu, ikawatundika juu ya majukwaa ya miti wagande humo, na akiba hiyo ndiyo iliyowalisha watu na mbwa hadi majira ya kuchipua. Uvuvi ukishindikana, njaa ilikuwa na hakika.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa maana vitabu vingi vya sifa za wamisionari hupita haraka. Kulikuwa na nini cha Ulaya kilichomfaa padre katika nchi ile? Viatu vyake vya ngozi ngumu vilimgandisha vidole. Ilimpasa kuvaa viatu laini vya ngozi ya mnyama vilivyoshonwa na wanawake wa Kidene. Theluji laini ilimmeza hadi kiunoni, mpaka alipojifunza kutembea na vile viatu vipana vya mti vilivyosukwa kwa kamba za ngozi mfano wa ungo. Sleji, yaani chombo kirefu cha mbao kinachokokotwa na mbwa juu ya theluji, ilikuwa kazi ya wenyeji. Blanketi lililo jepesi na lenye joto kuliko yote lilisukwa kwa vipande vyembamba vya ngozi ya sungura.

Hata ujuzi wa kula ulikuwa wao. Sungura wa nchi ile huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka kumi, na wanapopungua watu hufa. Lakini hata wanapokuwa wengi, mtu anayekula nyama yao tu hudhoofika na kufa huku tumbo limejaa, kwa kuwa nyama hiyo haina mafuta. Wenyeji walilijua jambo hilo vizazi vingi kabla ya wataalamu wa lishe. Kwa sababu hiyo walithamini mafuta ya wanyama wakubwa na ya samaki. Walijua pia kwamba nyama na samaki wabichi au walioivishwa kidogo humkinga mtu na kiseyeye, ugonjwa ulioua mabaharia wengi wa Ulaya katika bahari hizohizo za barafu.

Mfano mmoja unatosha. Vital Grandin alikuwa kijana Mfaransa aliyekataliwa na seminari ya misheni za nje ya Paris kwa sababu ya kasoro ya matamshi. Waoblati walimpokea, na Papa Pio IX akamteua askofu kabla hajatimiza miaka 30. Desemba 1863 alikuwa akisafiri juu ya barafu ya Great Slave Lake, akielekea misheni ya Mtakatifu Yosefu pamoja na mvulana mmoja, dhoruba ya theluji ilipowapotezea njia. Giza likaingia. Juu ya ziwa lililoganda hakuna kuni wala mti wa kujikinga. Walifanya wafanyavyo watu wa nchi: wakajifunika mablanketi pembeni mwa sleji, wakawavuta mbwa karibu, wakangoja. Yule mvulana aliungama dhambi zake, maana wote wawili waliamini kwamba hawataiona asubuhi. Kulipopambazuka wakagundua kwamba misheni haikuwa mbali.

Baadaye huko Ulaya, mwandishi Louis Veuillot alimsikia Grandin akieleza kwamba kulikuwa na mateso yaliyomzidi kuliko baridi, yaani chawa, kwa kuwa mgeni hulala wanapolala wenyeji wake. Veuillot aliandika makala yenye heshima kubwa juu ya askofu huyo mwenye chawa, na wasomaji wa Ufaransa wakaguswa mno. Hatuna budi kuuliza kama waliguswa pia na wale waliomlaza askofu katika hema lao na kumgawia samaki wao wa mwisho.

Malipo waliyopata wenyeji hao ni habari chungu. Mwaka 1865 mashua za kampuni zilipoteremka mtoni na bidhaa, zilileta homa ya vipele vyekundu. Ugonjwa huo ulikuwa mgeni kwa Wadene na Wagwich'in, nao ukawaua kwa wingi kutoka kituo hadi kituo. Mapadre waliwahudumia wanaokufa, na hatuna shaka na machozi yao. Lakini mashua zilizoleta ugonjwa ndizo zilizowaletea mapadre unga na divai.

Kisha ikaja habari ya shule. Mwaka 1867 watawa watano wa shirika la Grey Nuns walifika Fort Providence kutoka Montreal, baada ya safari ya miezi mingi, wakafungua shule na makao ya watoto. Ujasiri wao haukuwa mdogo. Hata hivyo shule ya bweni, popote ilipoenea Kanada, ilimtoa mtoto kwa mama yake aliyeshona vile viatu laini na kwa baba yake aliyejua njia za samaki. Grandin mwenyewe, yule aliyelala kati ya mbwa, akawa mtetezi mkubwa wa shule hizo. Mwaka 1875 aliiandikia serikali akieleza kuwa watoto wanafundishwa kuyachukia maisha ya asili hata waone aibu wanapokumbushwa walikotoka. Aibu ya nini? Ya elimu ile iliyomtoa hai ziwani miaka 12 kabla?

Tunaandika hayo bila chuki. Kanisa lilimtambua Grandin kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa, akaitwa Venerabili mwaka 1966, na umaskini wake ulikuwa wa kweli. Wala wamisionari wote hawakuwa na moyo mmoja. Padre Émile Petitot alikaa miaka mingi akikusanya maneno ya Wadene, akachapisha kamusi kubwa mwaka 1876 pamoja na masimulizi yao, ingawa akili yake ilivunjika mara kwa mara katika upweke ule. Padre Jean Séguin alikaa Fort Good Hope takriban miaka 40. Kanisa dogo la mbao walilolijenga huko, ambalo Petitot alilipamba kwa michoro, lipo hata leo.

Lakini shule zilibaki zaidi ya karne moja, na sera ya serikali ikazifanya kuwa za lazima. Julai 1991, wakati wa hija ya Lac Ste. Anne, Waoblati wa Kanada waliomba radhi hadharani kwa sehemu yao katika shule hizo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2015. Julai 2022 Papa Fransisko, akiwa mzee asiyeweza kutembea vizuri, alikwenda Maskwacis kuomba msamaha, akamalizia hija yake ya toba huko Iqaluit, miongoni mwa Wainuit.

Padre Grollier hakuyaona hayo yote. Pumu ilimmaliza Fort Good Hope tarehe 4 Juni 1864, akiwa na umri wa miaka 38. Katika historia ya shirika lake inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kati ya wenyeji wawili waliokuwa wamefariki mwisho, uso ukielekea msalaba. Huko Fort Providence, upande wa juu wa mto huohuo, pana mnara wenye majina ya watoto waliofia misheni wakiwa mbali na wazazi wao. Katika nia za Misa ya Jumapili hii tutawaombea wote kwa pamoja, Padre Grollier, majirani zake wawili wa kaburini, na watoto wa Providence.