Somo: Fimbo ya Mchungaji na Upanga wa Mfalme



Askofu anapowekwa wakfu hukabidhiwa fimbo ya mchungaji. Je, yafaa ashike na upanga wa mfalme? Wazee wengi waliokaa katika makambi ya migodi, toka Kolwezi hata Lubumbashi, wameliuliza swali hilo kwa namna nyingine: Mbona zamani Mapadri walikuwa karibu sana na Kompanyi? Swali ni la haki, nasi tulijibu kwa ukweli.

Zamani katika Ujerumani maaskofu wakuu walikuwa watawala kweli. Askofu Mkuu wa Köln alitoza ushuru, alihukumu watu na kuongoza majeshi. Mwaka 1225 Askofu Mkuu Engelbert aliuawa njiani kwa hila ya jamaa yake, Friedrich wa Isenberg, aliyegombana naye juu ya mamlaka katika mali za watawa wa Essen. Mwaka 1288 Askofu Mkuu Siegfried alishindwa vitani huko Worringen, na wenyeji wa mji wake mwenyewe walikuwa upande wa adui zake. Hata hivyo sheria ya Kaisari Karl IV ya mwaka 1356 iliwathibitisha wakuu saba wenye haki ya kumchagua mfalme, na watatu kati yao walikuwa maaskofu wakuu: wa Mainz, wa Köln na wa Trier.

Katika Katanga hapakuwa na askofu mwenye jeshi. Lakini mwaka 1906 Roma ilipatana na Serikali ya Leopold II: Serikali itoe mashamba, misioni zifungue shule. Mwaka ule ule Union Minière iliundwa. Mwaka 1910 walifika Wabenediktini, na mkubwa wao, Jean-Félix de Hemptinne, aliwaongoza Wakatoliki wa Katanga hata alipokufa mwaka 1958. Neno lake lilikuwa na uzito mbele ya magavana na wakurugenzi. Kompanyi ikawakabidhi wamisionari shule za makambi yake.

Tusikane mema yaliyotoka humo. Watoto walijifunza kusoma, wagonjwa walitunzwa, na wengi walipokea Ubatizo. Lakini Disemba mwaka 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma kudai mshahara, askari wakawapiga risasi, wakafa watu makumi. Mkristo aliyefiwa siku ile angemlilia nani? Kanisa alimosali na shule ya mtoto wake zilisimama kwa msaada wa Kompanyi ile ile aliyoidai. Hapo ndipo ilipo hatari. Mchungaji anayekula mezani pa mwenye nguvu huenda akaona vigumu kumkemea mwenyeji wake, hata akiwa mtu mwema.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Mwaka 1967 Eugène Kabanga, mwana wa nchi, alikuwa Askofu Mkuu wa Lubumbashi. Wakati wake Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo mwaka 1972, kisha mwaka 1974 ikazitwaa shule za Kanisa. Kwa macho ya watu, Kanisa lilikuwa limenyang'anywa nguvu. Lakini mwaka 1976, nchi ikiwa na hofu, Askofu Mkuu huyo aliandika barua ya kichungaji kukemea rushwa na uonevu wa wakubwa. Hakuwa na gavana wala mkurugenzi wa kumtegemeza. Alikuwa na neno tu, na neno hilo lilisikika mbali.

Yezu Kristu alimwambia Pilato kwamba ufalme wake hautoki katika dunia hii. Hakusema kwamba haki ya maskini haimhusu. Kwa hiyo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawakataza makleri kushika vyeo vya utawala wa Serikali. Lakini haiwakatazi kusema kweli.

MASWALI

Je, Kanisa lishike utawala wa dunia?
Hapana. Kazi yake ni kuhubiri, kutakasa na kuchunga.

Je, basi askofu anyamaze mnyonge anapoonewa?
Hapana. Mchungaji anayenyamaza mbele ya mbwa mwitu amewaacha kondoo wake.

Nasi waamini tufanye nini?
Tuwaombee wachungaji wetu, wasimwogope mwenye mali wala kumdharau asiye nayo.