Mifuko ya Nyumba Moja

Mshahara huja mara moja kwa mwezi, lakini njaa huja kila siku. Kodi ya nyumba hudaiwa kila mwezi, ada ya shule hudaiwa kila muhula, na ugonjwa hauna tarehe; huingia saa yo yote upendayo. Hapa ndipo ilipo taabu ya matumizi ya nyumba: fedha na haja hazifuati kalenda moja. Mtu akitia mapato yake yote katika mfuko mmoja, haja iliyo karibu hula sehemu ya haja iliyo mbali, na ada ya mtoto hugeuka nyama ya Jumapili. Kwa sababu hiyo watu wenye busara wamezoea kuzigawa fedha zao kabla ya kuzitumia. Katika insha hii tutatazama jinsi desturi hiyo ilivyokua katika mji wa Nairobi, na jinsi swali dogo la mahali pa kuweka fedha lilivyozaa swali kubwa zaidi, yaani fedha hizo zimeandikwa kwa jina la nani.

Nairobi ilianza mwaka wa 1899, ikiwa kituo cha reli iliyojengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Palipo na reli pana mishahara, na palipo na mishahara benki hazikawii kufika. National Bank of India, iliyofungua mlango Mombasa mwaka wa 1896, ilifika Nairobi mwaka wa 1904. Mwaka wa 1910 ikaanzishwa Benki ya Akiba ya Posta. Benki kubwa za siku hizo zilielekea zaidi kwa serikali, walowezi na wafanya biashara. Kwa mtu wa mshahara mdogo, dirisha la posta na kile kitabu chake cha akiba vilikuwa vyepesi zaidi kuvifikia.

Ukipita leo katika Kenyatta Avenue, barabara iliyoitwa Delamere Avenue wakati wa ukoloni, utaona jengo la kale liitwalo Kipande House. Jengo hilo ni la mwaka wa 1913. Kwa miaka mingi Waafrika walikwenda hapo kuandikishwa kipande, ile hati iliyotiwa katika kisanduku cha chuma na kuvaliwa shingoni. Kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa na kipande. Humo mwajiri aliandika kazi ya mtu na mshahara wake. Fikiri, msomaji: hesabu ya jasho la mtu ilishikwa na mkono wa mwingine, na yeye mwenyewe aliibeba tu. Mwaka wa 1976 jengo hilo lilinunuliwa na Kenya Commercial Bank, iliyo mrithi wa ile National Bank of India ya zamani. Mahali watu walipoandikwa ili waangaliwe, wajukuu wao wakaingia kuandika majina yao wenyewe juu ya fedha zao wenyewe.

Sasa na tuondoke katikati ya mji, tuelekee magharibi. Mitaa kama Lavington na Kileleshwa ilikuwa makao ya Wazungu katika enzi ya ukoloni. Mbele yake palikuwa na Kawangware na Dagoretti, nchi iliyohesabiwa kuwa katika hifadhi ya Wakikuyu, ambayo iliingizwa ndani ya mipaka ya mji mwaka wa 1963. Wapishi, mayaya na watunza bustani walitumika katika nyumba kubwa, na wengi wao jamaa zao walikaa mbali. Mume alipokea mshahara mjini. Mke alilima na kuuza mazao nyumbani. Basi nyumba moja ilikuwa na hazina mbili, na daraja baina yake lilikuwa hawala ya posta, au bahasha iliyotumwa kwa mkono wa ndugu anayesafiri. Watu hao hawakusoma elimu ya uchumi, lakini walijua kwamba fedha zilizokwisha kutengwa hazishawishi kama fedha zilizo mfukoni.

Baada ya uhuru, njia za kutenga fedha ziliongezeka. Co-operative Bank iliandikishwa mwaka wa 1965 na kuanza kazi ya benki mwaka wa 1968. Vyama vya akiba na mikopo vilienea miongoni mwa walimu, makarani na wafanyakazi wa viwanda. Nguvu ya vyama hivyo ilikuwa katika jambo moja jepesi: akiba ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Akina mama nao, sokoni na mitaani, waliendesha vyama vyao vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo watu wa pwani huviita upatu. Kila juma au kila mwezi wanachama walitoa kiasi kilichokubaliwa, na mmoja wao akapokea chote. Mwenye kupokea aliweza kununua kitanda, mabati au karo ya mwaka, vitu ambavyo senti za kila siku hazingeweza kuvinunua.

Kwa nini akina mama walishika sana njia hiyo? Sababu moja ni jina. Benki haiijui nyumba, inalijua jina. Fedha zaweza kuwa zimechumwa na watu wawili, lakini zikiwekwa katika akaunti ya mume peke yake, siku afapo akaunti hufungwa, na mjane hungoja hati ya mahakama kabla ya kugusa hata shilingi moja. Wakati huo ada haingoji, wala mwenye nyumba hangoji.

Sheria nayo ilikwenda polepole. Uingereza ilitunga mwaka wa 1882 sheria ya kumpa mke haki ya kuwa na mali yake mbali na ya mumewe. Mwaka wa 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria hiyo ilikuwa na nguvu katika Kenya pia. Mwaka wa 1981 kilianzishwa chama cha Kenya Women Finance Trust, kwa nia ya kuwafikishia wanawake mikopo na huduma za fedha. Katiba ya 2010 ilitangaza kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa, na ndoa ivunjikapo. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikathibitisha kwamba mke ana haki ile ile aliyo nayo mume ya kupata mali, kuishika na kuisimamia.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, na mwaka wa 2012 ikafuata M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo ndani ya simu, ambayo baadaye ilimwezesha mtu kuzifungia fedha zake kwa muda aliouchagua mwenyewe. Mama muuza mboga wa Kawangware akapata benki isiyomtaka apande basi kwenda mjini. Hata hivyo wengine waliendelea kuficha fedha chini ya godoro. Mwaka wa 2019 noti za zamani za shilingi 1,000 zilipokoma kutumika tarehe 30 Septemba, aliyezisahau alibaki na karatasi.

Na tutoe mfano. Tuseme mume na mke wanakaa Kangemi. Mume hupata shilingi 30,000 kwa mwezi, mke hupata 20,000, na haja za pamoja ni 35,000. Kila mmoja ana akaunti yake, na wana ya tatu kwa ajili ya nyumba. Wakichanga sawasawa, 17,500 kila mtu, mke hubaki na 2,500 na mume na 12,500. Hapo usawa wa tarakimu umezaa dhuluma. Lakini wakichanga kwa kadiri ya mapato, mume hutoa 21,000 na mke 14,000. Mume hubaki na 9,000 na mke na 6,000, kila mtu thelathini katika kila mia. Na kama ada ya mwaka ni 36,000, watenge 3,000 kila mwezi katika haja hizo za pamoja, ziwekwe mahali pasipo na mkono wa kila siku. Muhula ufikapo, hawatakopa.

Lakini kila dawa ina kiasi chake. Akaunti nyingi zina gharama nyingi, na mtu aweza kugawa kidogo mpaka kikawa si kitu. Tena, akaunti tofauti si ruhusa ya kufichana. Akaunti iliyo mbali na nyingine lakini inayojulikana na wote wawili ni kama vyumba vya nyumba moja. Akaunti ya siri ni mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ukizoewa nyumba huwa haina ulinzi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lisomwe na mume na mke pamoja.

Wewe msomaji hujapata mshahara bado, lakini huenda una senti za nauli na za chakula. Zigawe leo, uandike ulivyozigawa, na mwisho wa mwezi ulinganishe maandishi na mfuko. Utakapoanza nyumba yako, kazi hiyo haitakuwa ngeni kwako. Na wewe, uwe mume au mke, utaona ni haki mwenzako naye awe na jina lake.