Taamuli Si Tafakari

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam atafakari dakika kumi kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini. Atakaa, atafumba macho, na atatafakari kweli kweli: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, maneno aliyotupiwa jana na bosi. Zikiisha dakika kumi atainuka amechoka kuliko alipoketi. Wala hana kosa, ametii neno aliloambiwa.

Tafakari limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa fikra na fikira. Kutafakari ni kulichimba jambo kwa mawazo. Ndiyo maana watafsiri wa Biblia walilitumia kwenye Yoshua 1:8 na Zaburi ya 1, panapotajwa mtu anayeishika sheria moyoni usiku na mchana. Na tafakari ya Injili tunayoisikia parokiani huwa na maelezo na funzo. Hapo neno limetulia mahali pake. Zoezi ambalo wengi siku hizi huliita meditesheni linataka karibu kinyume chake: mtu aangalie pumzi ikiingia na kutoka, wazo likija alione, aliache lipite, arudi kwenye pumzi. Asilifuate.

Neno lifaalo ni taamuli. Katika Kiarabu asili yake ni kulitazama jambo kwa makini bila pupa, na Waarabu wa leo hulitumia kwa zoezi hilihilo. Kitenzi chake tunacho, kutaamali, ingawa wengi hukutana nacho zaidi vitabuni kuliko barazani. (Lisichanganywe na tahajudi, ambayo ni sala ya usiku.)

Karibu na taamuli lipo neno uzingativu. Nyuma yake kuna sati, neno la Kipali la Wabudha, ambalo Mwingereza T. W. Rhys Davids alilitafsiri kwa Kiingereza kuwa mindfulness mwaka 1881. Maana ya kwanza ya sati ni kukumbuka, na ndiyo kazi yenyewe: kukumbuka kurudi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha uzingativu wagonjwa katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts, Marekani. Mafunzo yalikuwa ya wiki kadhaa, na nyumbani mwanafunzi alitakiwa kufanya zoezi kwa muda wa kama dakika 45 kwa siku.

Dakika 45! Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala atazitoa wapi?

Aanze na dakika chache, na hapa linaingia neno mazoea, ambalo watu hulichanganya na tabia. Tabia ni namna mtu alivyo. Mazoea ni kitendo kinachojifanya chenyewe kwa kurudiwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja kitendo kidogo na kukifunga kwenye tukio la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani kitendo kilizoeleka baada ya siku 66, lakini kwa makadirio muda ulitofautiana kati ya siku 18 na 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa faida ya kufunga kitendo kwenye tukio la kila siku. Uradi, yaani dhikri inayorudiwa, huletwa baada ya swala, na swala ina wakati wake, kwa hiyo hakuna anayejiuliza leo auingize saa ngapi. Dakika tano za taamuli nazo zaweza kufungwa kwenye chai inayosubiri kuchemka.

Wahariri wa kurasa za afya, basi, waandike taamuli. Tafakari waiachie Injili na kodi ya nyumba.