William Hill: arkitekte wa makanisa ya Wamethodisti na wa meri za Bolton na Portsmouth

William Hill, aliyezaliwa karibu mwaka 1828 na kufariki 1889, alikuwa msanifu wa majengo, ama arkitekte kama tunavyosema huku kwetu. Ofisi yake ilikuwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na alifanya kazi wakati wa utawala wa malkia Victoria. Alichora makanisa mengi ya Wamethodisti, lakini jina lake limebaki zaidi kwa sababu ya meri mbili kubwa: ya Bolton, iliyofunguliwa 1873, na ya Portsmouth, iliyofunguliwa 1890 wakati yeye mwenyewe hakuwa tena duniani. Ukifuata kazi yake utaona jambo moja: katika miji ile ya viwanda, watu walijifunza kujenga pamoja kwanza kanisani, kisha wakajenga makao ya serikali ya mji wao.

Kujifunza kazi

Hill alifundishwa katika ofisi ya Perkin na Backhouse, maarkitekte wa Leeds. Siku zile haikuwa lazima kupita chuo kikuu. Kijana aliingia ofisini kwa fundi mkubwa, akanakili michoro, akapima viwanja, akajua bei ya mawe na ya mbao. Karibu 1851 alianza kujitegemea.

Leeds ilikuwa ikikua haraka kwa viwanda vya sufu na vya mashine. Mwaka 1858 malkia Victoria alikuja kufungua meri mpya ya mji, iliyochorwa na kijana mwingine, Cuthbert Brodrick. Ilikuwa na nguzo ndefu mbele na mnara mkubwa wa saa juu. Miji mingine ya kaskazini ikatazama, ikaona wivu. Hill alikuwa akifanya kazi palepale, na baadaye alama ya ile meri itaonekana wazi katika michoro yake.

Makanisa ya New Connexion

Wateja wengi wa Hill walikuwa Wamethodisti wa tawi lililoitwa Methodist New Connexion. Tawi hili lilizaliwa 1797, Alexander Kilham na wenzake walipojitenga na Wamethodisti wengine. Ugomvi haukuwa juu ya imani. Ulikuwa juu ya swali hili: nani ana sauti? Kilham alitaka waumini wa kawaida wakae katika mikutano ya uongozi sawa na wachungaji. Mmoja wa wachungaji wa tawi hilo alikuwa William Booth, aliyeliacha 1861 na baadaye akaanzisha Jeshi la Wokovu, ambalo wasikilizaji wetu wanalijua, maana limefanya kazi Kongo tangu 1934. Wamethodisti wa kwetu nao wana njia nyingine: wamisionari waliofika Katanga na Wembo Nyama mwanzoni mwa karne ya 20 walitokea Marekani.

Kanisa la namna hii halikupata feza za serikali wala kodi ya lazima. Wanamemba walitoa michango, wakalipia viti vyao, wakauza vitu kwenye sherehe, na mara nyingi wakakopa. Deni lilikuwa juu ya wadhamini, watu wa mtaa wenyewe: mwenye duka, fundi, mwenye kiwanda kidogo. Mambo yakienda vibaya, wao ndio waliodaiwa. Kwa hiyo arkitekte wao alipaswa kuheshimu kila senti. Alitakiwa achore ukumbi mpana ambamo kila mtu anamsikia mhubiri, na ghorofa za viti pembeni ili wengi waingie katika kiwanja kidogo. Vyumba vya shule ya Jumapili navyo vilihitajika, na humo watoto wengi wa wafanyakazi walijifunza kusoma.

Kutoka kanisani mpaka meri

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Mpaka 1828 sheria ya Uingereza iliwafungia Wakristo wasiokuwa wa kanisa la serikali nafasi za uongozi katika miji. Sheria hiyo ilifutwa karibu na wakati Hill alipozaliwa. Mwaka 1835 sheria nyingine ilibadilisha namna ya kuchagua wajumbe wa miji, na Bolton ikapata halmashauri yake 1838. Watu waliokuwa wamezoea kuhesabu michango ya kanisa na kubishana mikutanoni sasa waliweza kuchaguliwa kuongoza mji. Basi arkitekte aliyejua kufanya kazi na kamati za namna hiyo alikuwa mtu anayefaa.

Bolton, 1873

Bolton ilikuwa mji wa pamba. Samuel Crompton, aliyegundua mashine maarufu ya kusokota nyuzi mwaka 1779, alikuwa mtu wa huko. Katika miaka ya 1860 halmashauri iliamua kujenga meri, na mchoro wa Hill ukachaguliwa. Alishirikiana na George Woodhouse, arkitekte wa Bolton kwenyewe. Ujenzi ulianza 1866, na tarehe 5 mwezi wa sita 1873 mwana wa malkia, Prince of Wales, alikuja kuifungua. Gharama ilipita pauni 160,000, feza nyingi sana kwa wakati ule.

Mbele kuna ngazi pana, simba wa mawe na nguzo sita kubwa. Juu ya paa unapanda mnara wa saa wa karibu mita 60. Katika pembe tatu iliyo juu ya nguzo kuna sanamu za William Calder Marshall: mji wa Bolton katikati, Ufundi na Biashara kando yake, na pia mtoto Mwafrika mwenye kikapu cha pamba. Wengi wanapita chini bila kumwangalia. Lakini kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sehemu kubwa ya pamba iliyolisha viwanda vya Bolton ilivunwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Wenye mji hawakulificha jambo hilo. Walilichonga wakalifanya pambo.

Portsmouth, 1890

Mwaka 1880 Yeadon, mji mdogo karibu na Leeds, nao ulipata ukumbi wake kutoka kwa Hill. Kisha ikaja kazi ya mbali: Portsmouth, bandari ya jeshi la majini, kusini kabisa. Huko walipenda meri ya Bolton, na Hill akawachorea nyingine inayofanana nayo, yenye ngazi, nguzo, simba na mnara. Kazi ilianza 1886. Hill alifariki 1889, na Prince of Wales akaifungua mwezi wa nane 1890. Portsmouth ilipopewa hadhi ya jiji, 1926, jengo likaitwa Guildhall.

Wapenda mpira wanaweza kulijua bila kujua. Wimbo ambao mashabiki wa timu ya Portsmouth wanauimba uwanjani unaitwa Pompey Chimes, na sauti yake imetoka kwenye kengele za saa ya mnara huo.

Moto na kujenga tena

Usiku wa tarehe 10 mwezi wa kwanza 1941, ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu ya moto juu ya Portsmouth. Guildhall iliungua ndani yote. Kukabaki kuta za nje na mnara. Wakaaji walikaa na gofu hilo katikati ya jiji kwa miaka karibu 18. Hawakulibomoa. Arkitekte E. Berry Webber alipewa kazi ya kujenga upya ndani ya kuta za zamani. Mapambo mengi ya nje hayakurudishwa, lakini sura aliyoichora Hill ilibaki, na malkia Elizabeth II akalifungua tarehe 8 mwezi wa sita 1959.

Bolton nayo ilipata moto wake, mwaka 1981, ulioharibu ukumbi mkubwa wa ndani. Huo pia ulitengenezwa.

Leo majengo yote mawili yanatumika: mikutano ya wananchi, muziki, sherehe. New Connexion yenyewe haipo tena kwa jina lake. Iliungana na matawi mengine 1907, na tena 1932. Hill hakupanda ngazi za Portsmouth siku ya kufunguliwa. Lakini jengo lilipoungua, watu ambao hawakumwona kamwe waliona kuta zake zinastahili kusubiriwa.